Maswali ya Wasomaji: Nimpeleke mwanangu kwa bingwa wa watoto, au nibaki na daktari wetu wa siku zote?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Uyole, jijini Mbeya, na nina watoto wawili: wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minne, na wa pili ni wa kike, ana miezi saba. Tangu tuhamie hapa tumekuwa tukitibiwa na daktari mmoja katika kituo cha binafsi kilicho karibu na nyumbani. Yeye ndiye anayefuatilia presha ya mume wangu na sukari ya mama mkwe, na ndiye aliyemtibu mwanangu mkubwa kila alipougua. Mwaka huu dada yangu anayeishi Marekani alipokuja kutusalimia, alishangaa kusikia kwamba watoto wangu hawana daktari bingwa wa watoto. Alisema huko aliko, mzazi humtafuta daktari wa mtoto hata kabla ya kujifungua. Jirani yangu naye akaongeza kwamba daktari anayetibu watu wazima hapaswi kumgusa mtoto.

Nilijaribu kumpeleka binti yangu kwa bingwa mjini. Nilifika saa mbili asubuhi, nikatoka saa nane mchana, na nikalipa fedha ambayo siwezi kuilipa kila mwezi. Huyu mdogo alizaliwa njiti, wiki ya 33, akiwa na kilo 1.8, na tulikaa wodini siku kumi na sita nikimbeba kifuani. Anaendelea kuongezeka, lakini bado hajaweza kukaa mwenyewe, na watu wameanza kusema. Je, niwahamishie wote wawili kwa bingwa, au nibaki na daktari wetu?

Mama wa wawili, Uyole

JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa siku ile ndefu uliyoshinda kwenye benchi na mtoto. Nitaanza na jibu lenyewe kisha nieleze sababu, maana sipendi usome ukurasa mzima ukiwa na wasiwasi. Mwanao wa miaka minne abaki kwa daktari wenu. Binti yako awe na wote wawili: bingwa wa watoto afuatilie ukuaji wake hadi atimize angalau miaka miwili, na daktari wenu aendelee kumtibu homa, mafua na mengine ya kila siku. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuhitaji matunzo tofauti, na hakuna upendeleo katika jambo hilo.

Dada yako hakukosea. Alisema ya kule anakoishi. Marekani, daktari wa watoto na daktari wa familia wote ni mabingwa: kila mmoja, baada ya kumaliza chuo cha udaktari, hufanya mafunzo ya hospitalini kwa miaka mitatu zaidi, mmoja akiwa na watoto peke yao na mwingine akiwa na watu wa umri wote, watoto wakiwemo. Udaktari wa familia ulitambuliwa huko kuwa fani ya kibingwa mwaka 1969. Mzazi wa kule, kwa hiyo, anachagua kati ya mabingwa wawili. Uingereza mambo ni tofauti: mtoto akiugua huonwa kwanza na daktari wa jumla wa mtaani kwao, na bingwa wa watoto yuko hospitalini akiwapokea wanaotumwa kwake kwa rufaa. Nchi zote mbili zina uwezo, na bado zimepita njia mbalimbali. Kwa hiyo usijione umewanyima wanao haki kwa sababu tu umefuata njia inayofanana zaidi na ile ya Uingereza.

Hapa kwetu majina yanachanganya zaidi, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari. Afisa tabibu amesoma stashahada ya miaka mitatu. Daktari mwenye shahada amesoma miaka mitano chuo kikuu, kisha akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo ambamo ni lazima apitie wodi ya watoto, kama anavyopitia wodi ya wazazi, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani. Bingwa wa watoto ni yule aliyekwisha kupita hapo pote, kisha akarudi chuoni kwa miaka mingine mitatu kusomea magonjwa ya watoto tu. Mabingwa wa udaktari wa familia nao wapo nchini, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwafundisha Dar es Salaam, lakini ni wachache mno, na huku Nyanda za Juu Kusini mtu akisema “daktari wetu wa familia” karibu kila mara anamaanisha daktari wa shahada, au afisa tabibu mzoefu, ambaye nyumba nzima imemzoea. Muulize wako kwa heshima alisomea nini na amefanya kazi wodi ya watoto kwa muda gani. Aliyesoma hachukizwi na swali hilo, na madaktari wote wanapaswa kuwa wamesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Sasa nije kwa jirani yako. Maneno yake yana ukweli mdogo ndani yake, nao ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Mapigo ya moyo wake ni mengine, pumzi yake ni nyingine, na dawa zake hupimwa kwa kilo. Panado ya maji, kwa mfano, hutolewa kwa kipimo cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo kijiko kinachomfaa mwanao wa miaka minne hakiwezi kuwa kilekile cha dada yake. Kutokana na hilo, kipimo cha daktari wenu ni jinsi anavyomshika mtoto, na hilo unaweza kuliona mwenyewe ukiwa umeketi pale chumbani.

Angalia kama anaomba kadi ya kliniki kabla ya kuuliza lolote, na kama anaigeuza upande wa mstari wa uzito badala ya kuiweka kando. Angalia kama mtoto anapimwa uzito siku hiyohiyo, sweta na viatu vikiwa vimevuliwa, au anaandikiwa dawa kwa kukisia. Mtoto akiwa na kikohozi, daktari anayejua kazi yake humwacha mapajani kwako akiwa ametulia, hupandisha fulana yake hadi kifuani, kisha hutazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kuzungumza, akiangalia pia kama nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Dakika hiyo moja ya ukimya hunieleza habari za daktari kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani. Pia, kwa mtoto anayeharisha bila damu, anza kuwa na mashaka ukiona ameandikiwa antibiotiki ilhali hakupewa chumvichumvi za ORS pamoja na vidonge vya zinki. Na kabla hujaondoka, awe amekuambia ni dalili gani zikurudishe usiku huohuo bila kungoja tarehe.

Mimi mwenyewe ni daktari wa watoto, kwa hiyo msomaji angeweza kutarajia nivutie kwangu. Kilichonibadilisha ni kosa nililolifanya. Miaka mingi iliyopita nilimtibu mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeletwa na kikohozi. Nikamwandikia dawa ya nimonia, akaondoka. Alirudi baada ya wiki tatu akiwa amepungua uzito, nikabadilisha dawa. Mara ya tatu mama yake hakuja kwangu. Alikwenda kwa daktari wa mtaani kwao, ambaye hakuwa bingwa wa lolote, lakini alikuwa ameitibu familia ile kwa miaka. Kabla hata hajaweka kifaa cha kusikilizia kifuani mwa mtoto aliuliza, “Babu yake bado anakohoa?” Babu na mjukuu walikuwa wakilala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi ya Juni. Wote wawili walikutwa na kifua kikuu, wakatibiwa, wakapona. Mtoto mdogo kwa kawaida huambukizwa kifua kikuu na mtu mzima anayeishi naye, na kumpima ni kazi ngumu kwa kuwa hawezi kutoa makohozi, hivyo habari za nyumba anamolala ni sehemu kubwa ya vipimo vyake. Mimi nilimjua mtoto; yule mwenzangu aliijua nyumba. Daktari anayemwona mama mkwe wako kila mwezi anajua nani anakohoa, nani amefiwa, nani ameacha kazi, na kama jiko la mkaa huingizwa chumbani wakati wa baridi, jambo ambalo, mama, ninakusihi lisifanyike kwako hata usiku mmoja, kwa sababu hewa ya mkaa huua watu waliolala bila hata kunuka.

Hiyo ndiyo sababu ya kumwacha mkubwa alipo. Kwa binti yako sababu zinaelekea upande mwingine.

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 33 ametoka wiki saba kabla ya wiki 40 za mimba iliyotimia. Wiki hizo saba lazima uziondoe kila unapopima maendeleo yake, kwa hiyo kwa upande wa kukaa, kushika vitu na kutamka, binti yako leo ana miezi mitano na nusu hivi, wala si saba. Wenzake wengi wa miezi mitano na nusu hawajaweza kukaa bila kushikiliwa, na wapo watoto wazima kabisa wanaokaa wakikaribia miezi tisa. Waambie hivyo hao walioanza kusema. Chanjo peke yake hazifuati hesabu hii: za wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela ya miezi 9 na miezi 18, zote huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na mtoto njiti hapaswi kucheleweshewa hata moja kwa kuwa alikuwa mdogo.

Bingwa atakachokifanya ni kumfuatilia kwa utaratibu: kupima uzito, urefu na mzunguko wa kichwa na kuviweka kwenye mchoro kwa umri uliosahihishwa, kuangalia kama macho yanafuata kitu na kama masikio yanasikia, na kuhakikisha anapata madini ya chuma, kwa kuwa watoto njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini hayo. Ataangalia pia mambo ambayo mzazi anaweza kuyaona akielezwa. Shingo ikiwa bado inalegea, miguu ikiwa migumu kiasi kwamba kumvalisha nepi ni shida, au mkono mmoja ukifanya kazi zote huku mwingine umekunja ngumi, usisubiri miadi. Kama hakuna hata moja katika hayo, huhitaji kwenda kila mwezi. Kila baada ya miezi mitatu, au kama bingwa atakavyopanga, inatosha kwa mtoto anayeendelea vizuri, na hapo hata gharama inakuwa ya kubebeka.

Kuhusu gharama, kliniki ya mama na mtoto ya serikali hutoa chanjo bila malipo, na sera ya nchi inasema watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya umma. Wewe ukiwa mwalimu wa serikali una bima, na bima ya umma hutaka mgonjwa afuate ngazi: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ndipo hospitali ya kanda. Kwa hiyo mwombe daktari wenu, au hospitali ya ngazi ya chini inayopokea bima yako, akuandikie barua ya rufaa kwenda kliniki ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na upeleke pamoja nayo karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa wodini. Akina mama wengi hupoteza karatasi hiyo, kumbe ndiyo inayoonyesha mtoto alizaliwa na hali gani, aliwekewa oksijeni siku ngapi na alipata manjano au la. Uliza mapema kliniki ya bingwa ni siku gani, usije ukashinda tena pale hadi saa nane.

Usiogope kwamba daktari wenu ataudhika. Mwambie hivi: “Daktari, nataka huyu mdogo afuatiliwe na bingwa kwa sababu alizaliwa njiti, lakini wewe ubaki kuwa daktari wetu, naomba barua.” Bingwa akiandika lolote, liletwe kwake alisome. Hatari ninayoiona mara nyingi zaidi ni ya mtoto kuonwa na watu watano, kila mmoja akiandika dawa bila kujua mwenzake alitoa nini, na mama akiwa ndiye pekee anayekumbuka.

Yapo pia mambo ambayo yangenifanya nimtume hata mwanao mkubwa kwa bingwa. Degedege linalojirudia. Kifua kinachobana na kupiga mluzi kila wakati, hadi analazwa. Upungufu wa damu unaorudi baada ya kutibiwa, au maumivu ya mifupa na uvimbe wa vidole yanayotia shaka ya selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa mtoto mchanga, lipo moja ambalo natamani kila mama alijue: mtoto anayenyonya kidogo, akaachia titi ili ahemee, jasho likimtoka kwenye paji la uso ilhali chumba ni cha baridi, na uzito wake hauongezeki. Huyo moyo wake uangaliwe na bingwa haraka, na ikibidi atumwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Na mara mtoke huku juu, iwe mmekwenda Kyela kwenye msiba au Dar es Salaam likizo, mtoto akapata homa baada ya kurudi, useme safari hiyo kabla hujaulizwa. Watoto wa baridi hukutana na malaria mara chache, hivyo miili yao haijaizoea, na mhudumu asiyejua mlikotoka anaweza kudhani ni mafua ya kawaida.

Bado kuna jambo moja ambalo linaniuma kuliko haya yote ya kuchagua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9 mkoani Iringa na asilimia 50.4 mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage. Udumavu hauonekani kwa jicho, kwa sababu mtoto mfupi aliye mchangamfu na mwenye mashavu humpendeza kila mtu, na mara nyingi kliniki humpima uzito tu. Bingwa anayemwona mara moja kwa mwaka hawezi kuugundua, na daktari wa familia asiyefungua kadi naye hawezi. Waombe wampime urefu pia, watoto wako wote wawili, na waandike. Binti yako sasa ameanza kula, kwa hiyo uji wa mahindi mtupu hautoshi. Uwe na dagaa waliosagwa vizuri, yai, maziwa, maharage yaliyopondwa au parachichi, tena mara kadhaa kwa siku, huku ukiendelea kumnyonyesha.

SWALI

Habari za kazi, daktari. Kijana wangu ana miaka kumi na tatu na ana pumu tangu utotoni. Amekuwa akitibiwa na bingwa wa watoto, lakini sasa anakataa kwenda, anasema hawezi kukaa benchi moja na watoto wanaonyonya. Je, umri wake umepita? Nimlazimishe?

Baba wa Mafinga

JIBU

Njema, ndugu yangu. Usimlazimishe, maana mtoto wa umri huo akilazimishwa kwenda kliniki ataacha dawa akifika shuleni, na pumu ndiyo inayosubiri hapo. Umri wa mwisho wa kliniki ya watoto hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Marekani madaktari wa watoto huwaona vijana hadi miaka 18, na wengine hadi 21, lakini huku kwetu wengi huhamishwa mapema zaidi. Huu ni wakati mzuri wa kumhamishia kwa daktari wa jumla aliye karibu nanyi, kwa masharti mawili. Bingwa aandike muhtasari wa ugonjwa wote: dawa anazotumia, mara alizolazwa, na vitu vinavyomwamsha kifua, kama moshi, vumbi au baridi ya asubuhi. Na daktari mpya apate dakika chache za kuzungumza na kijana wewe ukiwa nje ya chumba. Najua baba wengi hawalipendi hilo, lakini kijana anayeanza kubalehe ana maswali ambayo hatayatamka mbele yako, na daktari atakayeyasikia leo ndiye atakayemwendea baadaye akipata shida kubwa. Muombe pia kijana aonyeshe jinsi anavyotumia pampu yake. Nimewaona wengi wanaoambiwa dawa imeshindwa, kumbe dawa yote inaishia mdomoni kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kuvuta pumzi kwa wakati.

SWALI

Mwanangu daktari, hujambo. Ninamlea mjukuu wa miaka miwili huku Makete. Kijijini tuna zahanati, na aliyepo ni afisa tabibu kijana na nesi mmoja. Mtoto akipata homa watu wananicheka, wanasema nimpeleke hospitali kubwa kwa madaktari wenyewe. Nauli sina kila mara. Je, ninamwonea mtoto kwa kumpeleka zahanati? Na nikitaka barua ya kwenda mbele, yule kijana hatanichukia?

Bibi wa mjukuu mmoja, Makete

JIBU

Sijambo, bibi, shikamoo. Humwonei hata kidogo. Kwa homa, kikohozi na kuharisha, ambayo ndiyo magonjwa makubwa ya mtoto wa umri huo, mhudumu wa zahanati ana mwongozo wa kumwangalia mtoto mgonjwa mwili mzima, hatua kwa hatua, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Ulipopimwa Rufiji na Morogoro Vijijini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko wilaya za jirani ambazo hazikuwa zimeanza. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa zahanati na vituo vya afya, kama huyo kijana wenu. Homa ikianza leo, mpeleke leo. Nauli unayoitafuta kwa siku tatu ili ufike kwa bingwa inaweza kumfikisha mtoto amechelewa.

Zipo dalili ambazo ukiziona husubiri kuche: mtoto hawezi kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Pia mhesabie pumzi akiwa amelala, kwa dakika nzima ya saa. Kwa umri wake zikifika 40 au zaidi, ni za haraka, na nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani ujue mapafu yanateseka. Kwa hayo nenda zahanati moja kwa moja, hata kama ni usiku, wamwanzishie dawa ya kwanza palepale kabla ya safari. Patana mapema na kijana mmoja mwenye pikipiki, mwenye kuamka ukimgongea, na fedha kidogo ya safari uifungie kwenye kitambaa pamoja na kadi ya kliniki. Njiani mfunike vizuri, na kama bado anameza, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo.

Tangu mwaka 2024 serikali pia imekuwa ikituma madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache, na miongoni mwao huwa yupo wa watoto. Mwambie mtendaji wa kijiji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akutaarifu watakapokuja, kama mjukuu ana tatizo la muda mrefu.

Na yule kijana hatakuchukia, bibi. Kuandika rufaa ni kazi aliyofundishwa kama alivyofundishwa kuchoma sindano. Ukiona siku mbili zimepita tangu aanze dawa na homa haijashuka, rudi kwake na mtoto, umwambie: “Mwanangu, dawa hii nimempa kama ulivyoniagiza, na hali bado. Niandikie nimfikishe mbele.” Ataichukua kalamu.